Keria, Trela na Mwendo: Kinachomaliza Chaji ya Pikapu ya Umeme

Mwaka 2022 jarida la Car and Driver la Marekani lilizichukua pikapu tatu za umeme, Ford F-150 Lightning, Rivian R1T na GMC Hummer EV, likazipima kwenye barabara kuu zikiwa tupu kwa mwendo wa karibu kilomita 120 kwa saa. Kisha likazifunga trela ya kulala yenye uzito wa karibu kilo 2,770 na kuzirudisha barabarani kwa mwendo wa kama 113. Bila trela, Lightning ilikwenda kilomita 370 kwa chaji moja, Rivian 354, Hummer 467. Zilipovuta trela zikaishia 161, 177 na 225. Wengi wakisoma matokeo ya namna hii hukimbilia jibu moja, kwamba mzigo mzito umeishinda betri. Jibu hilo linavutia, na kwa sehemu kubwa ni kosa. Kwenye barabara kuu iliyo tambarare uzito hula kidogo. Hewa ndiyo mlaji mkubwa, na anayeamua ile kiasi gani ni dereva kwa mguu wake wa kulia. Ndiyo maana chochote kinachofungwa juu au nyuma ya gari kinapaswa kupimwa kwanza kwa umbo linalokabili hewa, kabla ya kuulizia kilo au wati zake.

Tuanze na hesabu. Gari linaloshika mwendo mmoja bila mlima hudaiwa na watatu. Hewa hudai kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa inakuwa mara nne. Tairi hudai karibu kiasi kilekile kwa kila kilomita, uende mbio au taratibu. Vifaa vya umeme hudai kwa saa, hivyo anayewahi kufika huvilipa kidogo zaidi. Sasa chukua pikapu ya tani 3.1, kiasi cha Lightning, na ukadirie eneo lake la ukinzani, yaani ukubwa wa uso wake ukizidishwa na kigezo cha umbo, kuwa mita za mraba 1.3. Kwa kilomita 90 kwa saa hewa inairudisha nyuma kwa nyutoni zipatazo 490 na tairi kwa 275. Kwa 120 tairi bado ni 275, lakini hewa imefika 870. Ukiongeza umeme kidogo wa ndani ya gari na ule unaopotea kwenye mota, kilomita moja inagharimu wati-saa 253 kwa mwendo wa 90, 307 kwa 105 na 370 kwa 120. Betri kubwa ya Lightning, yenye kilowati-saa 131 zinazotumika, itatoa basi takriban kilomita 520, 425 na 355. Makadirio ni yangu, lakini hiyo ya mwisho haiko mbali na 370 za Car and Driver, kwa hiyo mizani inatosha kwa kazi iliyo mbele.

Tuweke juu ya paa hema gumu la kukunja, lile linalofungwa kwenye keria na kupendwa sana na wapiga kambi. Tuseme linaongeza eneo la ukinzani kwa mita za mraba 0.2. Kwa mwendo wa 120 hema hilo linavuta nyutoni 133, na safari ya kilomita 355 inashuka hadi kama 317. Lishushe hema, upakie nyuma mifuko 10 ya saruji, nusu tani kamili. Tairi zitadai nyutoni 44 zaidi, na safari itapungua kilomita 14 hivi. Hema la kilo 60 limekula karibu mara tatu ya saruji ya kilo 500. Taa za LED za paani zinachekesha zaidi: mwenye gari anahofia umeme wake, ilhali wati 200 kwa mwendo wa 120 hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya matumizi. Fremu ya taa hizo iliyosimama kwenye upepo, mchana kutwa zikiwa zimezimwa, inaweza kula mara kadhaa ya hapo.

Lakini linganisha hema na mwendo. Pikapu yenye hema ikienda 105 itafika karibu kilomita 385, ilhali isiyo na kitu paani ikienda 120 itaishia 355. Kupunguza kilomita 15 kwa saa kumelilipia hema na chenji imebaki. Kwa hiyo dereva anayetumia jioni nzima kufungua keria, kisha asubuhi akashika 130, amefanya kazi ya bure. Simaanishi kwamba keria iachwe paani mwaka mzima. Namaanisha kwamba vitu hivi viwili haviko daraja moja, na vinachocheana, kwa kuwa gharama ya hema kwa kila kilomita inakaribia kuwa mara mbili mwendo unapotoka 90 kwenda 120.

Turudi kwenye trela. Kwa tairi, tani 2.77 za ziada zilikuwa na deni la nyutoni 245 hivi. Lakini ukitazama kilomita 161 zilizobaki na kurudi nyuma kwa hesabu, upande wa hewa lazima uliongezeka kwa zaidi ya nyutoni 1,200. Uso wa trela, mpana na mrefu kuliko pikapu yenyewe, ulidai mara tano ya uzito wake. Jarida la MotorTrend nalo liliifunga Lightning trela tatu tofauti, za kilo 1,424, 2,386 na 3,274. Nyepesi kuliko zote iliiachia gari kilomita 185 tu, wakati kibandiko cha gari lile, chenye umbali rasmi kwa chaji moja, kiliahidi 483. Nzito kuliko zote, yenye zaidi ya mara mbili ya uzito huo, iliiachia 145. Pigo kubwa lilikuja na trela ya kwanza, pale ukuta ulipotokea nyuma ya gari. Kilo zilizofuata ziling'ata tu kilichobaki.

Mtu atasema: na milima je? Hoja nzuri, maana mlimani uzito hulipwa kikamilifu. Kutoka Denver hadi handaki la Eisenhower huko Colorado ni kupanda kiasi cha mita 1,800, na pikapu ya tani 3.1 inahitaji kilowati-saa 15 kuinua mwili wake tu. Ile nusu tani ya saruji inaongeza mbili na nusu. Hizo si haba, lakini upande wa pili wa mlima mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu yake nzuri. Nguvu iliyotumika kupasua hewa hairudi kamwe. Zaidi ya hayo, hewa ya juu ni nyepesi: Denver penyewe, kwenye mita 1,600, ina hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko pwani, na gari linaokoa humohumo.

Tairi ndizo zinazostahili kuogopwa kwa sababu zake zenyewe. Ukivaa za kashata kubwa, za njia za matope, ukinzani wake unaweza kupanda kwa theluthi, na deni hilo halipungui hata ukienda polepole. Kwa mwendo mdogo asilimia yake ndiyo huwa kubwa zaidi. Ford yenyewe ilionyesha kidogo cha jambo hili: Lightning za matoleo ya XLT na Lariat zenye betri kubwa zilipewa kilomita 515 rasmi, na ile ya Platinum, betri ileile lakini magurudumu ya inchi 22, ikapewa 483. Hita ya baridi kali iko kundi hili pia. Kilowati 4 kwa mwendo wa 120 huondoa chini ya asilimia kumi, lakini kwenye foleni ya theluji huweza kula zaidi kuliko magurudumu. Na baridi hiyohiyo huifanya hewa kuwa nzito: kati ya nyuzi 25 na hasi 10 tofauti ni kama asilimia 13, na hilo hulipwa hata hita ikizimwa.

Kibandiko nacho kina lawama yake. Mzunguko wa majaribio wa barabara kuu unaotumiwa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, una wastani wa kilomita 78 kwa saa na haupiti 97. Matokeo hukatwa baadaye, mara nyingi kwa asilimia 30, ili yakaribie maisha ya kawaida. Kwenye barabara za majimbo ya magharibi zinazoruhusu 120 na zaidi, kipimo hicho kinaeleza safari ambayo hakuna anayeisafiri. Kwa Kenya, ambako magari ya abiria na ya mizigo mizito yamewekewa ukomo wa 80, kingekuwa karibu na ukweli zaidi.

Pingamizi jingine husema: pikapu za dizeli na petroli huvuta trela zilezile na hakuna anayelia. Hewa haijui gari linatumia nini, hivyo adhabu ni ileile. Tofauti ni mbili. Injini ya mafuta hutupa sehemu kubwa ya nishati kama joto hata gari likiwa tupu, na inapobebeshwa kazi nzito hufanya kazi kwa ufanisi bora kidogo, hivyo ongezeko hufichika. Pili, kilowati-saa 131 ni sawa na lita zisizofika 15 za petroli, wakati tangi kubwa la F-150 ya kawaida huchukua zaidi ya lita 130. Mwenye petroli anapoteza nusu ya kingi. Mwenye umeme anapoteza nusu ya kichache alichokitumia kwa uangalifu.

Mpenda mbio ana hoja inayobaki, na ni ya muda. Kwa safari ya kilomita 600, mwendo wa 120 unachukua saa 5, wa 105 karibu saa 5 na dakika 43. Mbio zinakula kilowati-saa 38 zaidi, na Ford ilisema Lightning hutoka asilimia 15 hadi 80 kwa dakika 41, kwa hiyo deni hilo ni kama dakika 18 za chaji. Kwa karatasi mbio zimeshinda. Barabarani ushindi huo hupungua: anayekwenda 105 anatosheka na kituo kimoja, wa 120 anahitaji viwili, au asubiri chaji ya juu ya asilimia 80 inayokwenda kwa kujivuta. Akiwa na trela, hesabu ya muda inaisha kabisa. Kati ya asilimia 80 na 15, zile kilomita 161 zinakuwa 105. Mpango wa serikali ya shirikisho ya Marekani wa mwaka 2022 uliweka vituo vya chaji visiachane kwa zaidi ya kilomita 80 kwenye njia kuu, na kimoja kikiwa kibovu kinachofuata kiko 160. Akishuka hadi 90 na kuchaji mpaka asilimia 90, kwa hesabu yangu anafika kama 168.