Faili za Nairobi kwa Jina la Wizara ya London: Kosa la FCO 141

Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013, serikali ya Uingereza ilihamishia kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, faili za serikali za makoloni ambazo zilikuwa zimefichwa kwa miongo mingi, na ambazo mwishowe zilikutwa katika kituo cha serikali hiyo cha Hanslope Park. Hatua hiyo ilipokewa kama ushindi wa uwazi. Kwa kipimo cha taaluma ya utunzaji wa kumbukumbu, hata hivyo, uamuzi wa kuzisajili faili hizo kwa alama ya FCO 141 ulikuwa kosa la wazi, na mshauri yeyote wa kumbukumbu za serikali aliyefundishwa misingi ya kazi yake alipaswa kuupinga kwa maandishi.

Waliofuatilia kesi ya wazee wa Mau Mau, walioishtaki Uingereza kwa mateso ya enzi za ukoloni katika Mahakama Kuu ya London, wanaujua mkasa: mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na takriban faili 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, na kwamba zile za Kenya pekee, zipatazo 1,500 ndani ya makasha takriban 300, ziliondolewa Nairobi kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha ni alama yenyewe.

Katika hifadhi ya nyaraka, mfululizo ni kundi la faili zilizotokana na ofisi moja na kazi moja, na alama ya mfululizo humtambulisha mtumiaji kwa ofisi hiyo. Msingi wake ni kanuni ya asili, yaani sharti kwamba nyaraka zibaki chini ya jina la chombo kilichoziunda na zisichanganywe na za chombo kingine. Herufi FCO zilikuwa za Wizara ya Mambo ya Nje na Jumuiya ya Madola ya Uingereza, wizara iliyozaliwa Oktoba 1968 kwa kuunganishwa kwa wizara mbili, karibu miaka mitano baada ya bendera ya Uingereza kushushwa Nairobi. Wizara hiyo haikuandika hata barua moja wakati wa kambi za vizuizi za Kenya za miaka ya 1950, kwa kuwa haikuwapo. Hata mtangulizi wake aliyehusika na makoloni, yaani Wizara ya Makoloni, alikuwa na faili zake halali kuhusu Afrika Mashariki, nazo zinasomwa Kew kwa alama ya CO 822: hizo ni barua zilizopokelewa na kujibiwa London, na hakuna anayebisha kuwa mahali pake ni huko. Faili zilizofunguliwa, zikapewa namba na kufungwa katika masjala za Nairobi ni kumbukumbu za serikali ya Kenya, na mrithi wa serikali hiyo ni Jamhuri ya Kenya.

Kosa hilo linazidi uzito mtu akikumbuka hoja iliyotolewa mbele ya Jaji McCombe mwaka huohuo wa 2011, ambapo mawakili wa wizara walidai kwamba dhima ya mateso yaliyofanywa na serikali ya koloni iliihamia serikali ya Kenya wakati wa uhuru. Ikiwa Kenya ndiyo mrithi wa deni, haiwezekani isiwe mrithi wa karatasi zinazolithibitisha deni hilo. Jaji aliona kuwa walalamikaji wana hoja ya kusikilizwa, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228; faili, hata hivyo, zikaendelea kupelekwa Kew.

Athari ya kitaalamu huonekana mtumiaji anapofuata rejea. Tangu agizo la Waziri Iain Macleod la Mei 1961, masjala za Kenya zilitenganishwa katika makundi mawili: faili za kurithishwa serikali mpya, na faili zenye alama ya W ambazo ziliruhusiwa kushikwa na maofisa raia wa Uingereza wa asili ya Ulaya tu, huku ikielekezwa kwamba faili za kurithishwa zisibakize dalili yoyote ya kuwapo kwa zile nyingine, na palipochomolewa karatasi iwekwe ya kuzibia pengo. Masjala iliyopasuliwa hivyo hutibiwa kwa namna moja tu, nayo ni kuunganisha vipande vyake. FCO 141 imefanya mpasuko huo kuwa wa kudumu na kuupa katalogi.



Waasisi wa fani hii wasingekubali hilo. Muller, Feith na Fruin, Waholanzi walioandika mwongozo wao mwaka 1898, waliufanya mpangilio wa masjala asilia kuwa sheria kuu ya mpangaji wa nyaraka. Wanyaraka wa Kijerumani waliokuja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walifanya kinyume kabisa cha yaliyofanywa Kew: faili za utawala wa Kijerumani zilibaki Tanzania, orodha yake iliyotayarishwa na Eckhart Franz na Peter Geissler ikachapishwa Marburg mwaka 1973 kwa juzuu mbili, na kilichokwenda Ujerumani ni filamu ya nakala.

Watetezi wa Kew husema kwamba siku hizi nakala za kidijitali zinatosha, na hoja hiyo hurudiwa na washauri wengi wanaofika Afrika na skana kabla ya kuuliza kama kuna ratiba ya utunzaji, yaani hati inayoeleza kila aina ya faili itunzwe kwa muda gani na iende wapi baadaye. Kenya inaujua mpango huo wa nakala: tangu miaka ya 1960 nyaraka zake zilipigwa filamu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Nakala huhudumia msomaji, lakini haimpi mmiliki milki yake.

Mkataba wa Vienna wa 1983 kuhusu urithi wa nyaraka za dola haujaanza kutumika, ila umoja wa wanyaraka wa Jumuiya ya Madola ulitaka mwaka 2017 faili hizi zirejeshwe. Mshauri atakayeajiriwa na serikali ya Kenya kuboresha masjala zake aanzie hapo: aiandikie serikali orodha ya faili zote za Kenya zilizomo FCO 141, azioanishe na namba za masjala zilizobaki Nairobi, na adai faili asilia zenyewe.