Ngome ya Yesu: Kuta Zilisimama, Watu Wakaisha

Ukiingia Ngome ya Yesu pale Mombasa, anza na kisima. Wareno walichimba mpaka wakafikia maji, nayo yakawa ya chumvi. Ya kunywa walikinga mvua kwenye birika. Udhaifu wa ngome hii uko hapo, si ukutani.

Kuta zenyewe ni kazi ya fundi. Ramani ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Wareno kule India, na ujenzi ukaanza 1593. Aliiweka ngome juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari ya kale, ili kila chombo kinachoingia kipite mbele ya mizinga. Upande wa bara, mwamba ukachongwa ukawa handaki. Kisha pembeni akaweka buruji nne zinazochomoza, na hapa ndipo penye akili yake: adui akikimbilia chini ya ukuta akwepe mizinga iliyo juu yake, anapigwa ubavuni kutoka buruji ya jirani. Hana pa kujibanza.

Upande wa bahari kuna njia iliyochongwa ndani ya mwamba, ikateremka hadi majini. Chakula, baruti na askari wapya vilipitia humo. Hesabu nzima ya ngome ilitegemea jambo moja: meli za Wareno kutoka Goa, kule India, zifike.

Waomani walipoizingira Machi 1696 hawakulazimika kuzibomoa kuta hizo. Maradhi na njaa viliwafanyia kazi. Kufikia katikati ya 1697 Wareno walikuwa wamekufa karibu wote, na ngome ikashikwa na Waswahili waliokuwa upande wao, wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza. (Hili halisimuliwi vya kutosha.) Msaada ulikuja, lakini mwaka huohuo meli mojawapo ya msaada huo, Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome. Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waomani wakaingia.

Kwa maoni yangu Cairati hana lawama. Goa ndiyo iliyochelewa. Mabaki ya meli ile yalichimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya ngome. Usiondoke bila kuviona.