Mchanga Kwanza, Maji Baadaye: Jinsi Mafuriko ya Grand Canyon Yanavyopangwa

Mto Colorado unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, kusini-magharibi mwa Marekani, chini ya kuta za miamba zinazopanda zaidi ya kilomita moja na nusu. Wanaouteremka kwa boti za mpira huanzia Lees Ferry, na wengi hutokea Diamond Creek, umbali wa kilomita 360 hivi. Kwa wapiga kasia, safari hiyo huchukua wiki mbili au zaidi. Katika njia yote hiyo, sehemu nzuri ya kulala ni mafungu ya mchanga yaliyo kandokando ya maji. Kwingine kwingi ni jabali tupu. Fungu la mchanga ndiyo gati, ndilo jiko, ndicho kitanda. Likiliwa na maji, hifadhi inabaki kuwa mali ya umma kwa jina, lakini umma hauna tena pa kutua.

Mafungu hayo huumbwa na mto wenyewe. Mvua kubwa inaponyesha, makorongo ya pembeni humwaga mawe mtoni, na mawe hayo huubana mkondo. Maji hupita kwa nguvu kwenye mbano huo, na hapo ndipo panapowavutia wapenzi wa boti. Chini ya mbano mto hutanuka ghafla, na kando ya ukingo maji hugeuka kurudi nyuma, yakazunguka polepole. Maji yanayozunguka hayana nguvu ya kubeba mzigo, kwa hiyo mchanga hutua. Mto ukiwa umefura, mchanga hutua juu. Mto ukipungua, fungu hubaki kavu na mtu anaweza kutandika juu yake. Mambo mawili basi yanahitajika kwa pamoja: maji ya kutosha kufika juu, na mchanga ndani ya maji hayo.

Bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963 kilomita 25 juu ya Lees Ferry, liliondoa yote mawili. Zamani mafuriko ya majira ya kuchipua yalizidi mara nyingi mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, nayo yalikuja mekundu kwa tope. Baada ya bwawa, mchanga uliokuwa ukitoka juu ulinaswa katika Ziwa Powell, na maji yaliyotoka chini ya ukuta wa bwawa yakawa baridi na meupe. Iliyosalia kuleta mchanga wa maana ni Mto Paria na Mto Little Colorado, ambayo huingia chini ya bwawa. Majani na vichaka, ambavyo zamani vilikuwa vinang'olewa na mafuriko, vilianza kuota juu ya mafungu na kupunguza nafasi ya kambi.

Isitoshe, mitambo ya kufua umeme iliendeshwa kufuata mahitaji ya miji. Mchana watu walipowasha viyoyozi, maji yalifunguliwa hadi karibu mita za ujazo 890 kwa sekunde. Usiku yalibanwa hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Msafiri aliyefunga boti jioni kwenye maji yanayocheza aliweza kuamka na kuikuta imekaa juu ya mawe makavu, na mto uko chini kabisa. Akangoja wimbi la umeme wa siku iliyofuata lifike ndipo aendelee. Kila maji yaliposhuka upesi, maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya fungu yalichuruzika kutoka na kuuburura mchanga kuurudisha mtoni.

Marekebisho yalianza na kasi ya kupanda na kushuka kwa maji. Masharti ya muda yaliwekwa mwaka 1991, na mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuilinda Grand Canyon, inayotaka bwawa liendeshwe kwa namna isiyoharibu hifadhi. Uamuzi rasmi wa mwaka 1996 uliweka kikomo cha kawaida cha mita za ujazo 700 hivi kwa sekunde, ukaweka kiwango cha chini cha usiku na cha mchana, na ukapunguza mabadiliko ya saa kwa saa. Kushusha maji kuliwekewa sharti kali kuliko kuyapandisha, kwa kuwa kushuka kwa ghafla ndiko kunakobomoa kingo.

Hatua ya pili ilikuwa kurudisha mafuriko. Kuanzia tarehe 26 Machi 1996, bwawa lilitoa mita za ujazo 1,270 kwa sekunde kwa siku saba. Mitambo ya umeme peke yake haiwezi kupitisha kiasi hicho, hivyo mabomba manne ya pembeni yalifunguliwa na maji yake yakapita bila kuzalisha umeme. Kabla na baada ya mafuriko, mto ulishikiliwa kwenye kiwango kilekile cha chini kwa siku kadhaa, ili picha za angani zilinganishwe kwa haki.

Mafungu yaliinuka kweli, na wengi wakashangilia. Vipimo vilionyesha jambo jingine. Waliopanga mafuriko hayo waliamini kwamba mchanga wa miaka mingi umelala kwenye sakafu ya mto ukisubiri kuamshwa. Kumbe sehemu kubwa ya mchanga uliopanda juu ilitolewa kwenye sehemu za chini za mafungu yaleyale. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika siku za mwanzo, na maji yaliyofuata yaliendelea kuusafirisha mchanga tu. Ilibainika pia kwamba mchanga unaoletwa na Paria haukai: ndani ya wiki au miezi michache mto umeshauchukua.

Kutokana na funzo hilo, mafuriko yaliacha kufuata kalenda yakafuata mchanga. Novemba 2004, baada ya Paria kuleta mzigo mkubwa, maji ya mita za ujazo 1,160 hivi yalitolewa kwa saa 60 tu. Machi 2008 kazi ilirudiwa. Mwaka 2012 mpango huo ukawa utaratibu: mchanga unahesabiwa kama daftari la duka, ulioingia na uliotoka, na salio likitosha, mafuriko hupangwa kwa majira ya kuchipua au ya kupukutika kwa majani. Ukubwa na urefu wake hupimwa kwa salio hilo. Maji yanayotumika huhesabiwa ndani ya mgao wa mwaka, kwa hiyo majimbo yaliyo upande wa chini wa mto hayapotezi tone. Kinachopotea ni umeme ambao maji ya mabomba ya pembeni yangezalisha.

Ardhi nayo inasimamiwa kwa kipimo hichohicho. Kwa kuwa mafungu ni machache, mpango wa hifadhi wa mwaka 2006 unaweka kikomo cha watu 16 kwa kundi binafsi na 32 kwa kundi la kampuni katika msimu mkubwa, waongozaji wakiwemo. Kwa makundi binafsi, foleni ya zamani iliyomfanya mtu asubiri miaka mingi ilibadilishwa kuwa bahati nasibu, ambamo asiyesafiri karibuni hupewa nafasi zaidi. Kila mtu anaruhusiwa safari moja kwa mwaka. Moto huwashwa ndani ya sinia la chuma, na majivu na kinyesi hubebwa hadi mwisho wa safari, maana fungu moja litalaliwa na kundi jingine kesho.

Mpango huu una mpaka wake. Mafungu hukua siku za mafuriko kisha hulika miezi inayofuata, kwa hiyo dawa lazima irudiwe. Mafuriko ya Aprili 2023, ya saa 72, yalitolewa ziwa likiwa limepungua mno. Baadaye ilionekana kwamba mabomba ya pembeni yameumia ndani, kwa sababu maji yalipita kwa kasi huku mgandamizo ukiwa mdogo. Hivyo masharti ya mafuriko yamekuwa matatu: mchanga uwe umeingia, ziwa liwe na kimo cha kutosha, na mabomba yawe salama. Likikosekana moja, fungu halijengeki, hata kama maji yapo.