Maswali saba ya wasiwasi: GAD-7 ikifika Songea

Kama unasoma udaktari, uuguzi au saikolojia hapa nchini, sio rahisi umalize shule bila kukutana na GAD-7. Ni dodoso la ukurasa mmoja, lina maswali saba. Unamuuliza mtu kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu linapata alama 0 mpaka 3, unajumlisha. Ukomo ni 21. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa kati, 15 ni mkali. Wanafunzi wengi wanalichukua kama wanavyochukua mizani: kitu cha kupimia, sio kitu cha kusoma. Mimi leo naomba tulisome kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote, maana lina mwandishi, lina lugha, na lina msomaji aliyekusudiwa.

Waandishi ni Robert Spitzer na wenzake, mwaka 2006. Walianza na maswali 13, wakawajaribia wagonjwa 2,740 kwenye kliniki 15 za Marekani, kisha wakabakiza saba yaliyofanya kazi vizuri zaidi. Kwa kipimo cha alama 10, kati ya wagonjwa 100 wenye tatizo lenyewe dodoso liliwanasa 89, na kati ya 100 wasio nalo liliwaacha 82. Kwa karatasi inayojazwa kwa dakika tatu, hiyo ni kazi nzuri, na ni bure: huombi ruhusa ya mtu. Tukumbuke pia WHO ilikadiria watu milioni 301 duniani waliishi na magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019, na ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba. Kwa hiyo simbezi anayetaka njia fupi ya kuwatambua.

Shida inaanza ukilipeleka Songea.

Mchukulie mama anayeuza mbogamboga Soko Kuu. Mwezi wa saba huu moyo unamwenda mbio bila sababu, usingizi hauji, tumbo linawaka, vidole vinakufa ganzi. Akifika zahanati atasema nini? Atasema "nina presha". Anapimwa presha, iko sawa. Anapimwa malaria, hamna. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani Lizaboni, wiki inayofuata yuko foleni tena. Sasa siku moja anakutana na mwanafunzi mwenye GAD-7 mkononi, anaulizwa: umekuwa na wasiwasi? Naye anajibu kwa uaminifu kabisa: "Hapana mwanangu, sina wasiwasi na mtu."

Umeona hapo? Kwa Kiswahili cha kila siku, kuwa na wasiwasi na mtu ni kumshuku. Neno lenyewe tumelipata kwenye Kiarabu, ambako ni mnong'ono, hasa ule wa shetani anayepenyeza jambo moyoni. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa dini kuhusu wasiwasi, anaweza kudhani unampima imani. Na sisi wengine neno hili tumelizoea kama kitu cha kuondolewa kwa amri: "ondoa wasiwasi", yamekwisha. Swali la kwanza la GAD-7 kwa Kiingereza lina maneno matatu yenye vivuli tofauti, na la pili na la tatu yanatumia neno lingine tena. Mtafsiri asipokuwa makini, yote yanaangukia kwenye wasiwasi huo huo, na mama wa watu anasikia swali moja mara tatu.

Sio kwamba Kiswahili ni maskini. Tuna jakamoyo, tuna hofu, tuna kihoro. Tuna kiherehere cha moyo, ingawa siku hizi ukisema kiherehere mtu atafikiri unamsema kwa umbea. Na mtaani tuna "mawazo": "yule dada ana mawazo", "anawaza sana". Lugha inayo njia ya kulisema jambo hili, ila njia hiyo mara nyingi inapita mwilini. Sasa rudi kwenye yale maswali saba. Yanagusa kushindwa kutulia, kuudhika haraka, kuhisi kuna baya linakuja. Mapigo ya moyo hayamo. Tumbo halimo. Hata usingizi haumo!

Na mwili sio pambo kwenye ugonjwa huu. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala ikipiga kengele ya hatari, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, pumzi inakuwa ya haraka. Ukihema haraka kuliko mwili unavyohitaji, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na hapo ndipo ganzi ya vidole na kizunguzungu vinapotokea. Mtu anahisi anakufa, hofu inaongezeka, anahema zaidi. Yule mama hadanganyi. Anachokisema ni dalili, katika lugha anayoijua.

Haki ya waandishi niiseme: ukijaza dodoso maswali ya mwili, utawanasa pia wenye malaria, upungufu wa damu na ugonjwa wa moyo. Kweli. Lakini jibu la tatizo hilo lilishapatikana karibu na sisi. Huko Harare, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake hawakuanza na tafsiri. Walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, na mwaka 1997 wakatoa dodoso la Kishona lenye maswali 14. Humo kuna kuwaza kupita kiasi, tumbo kuuma, kukosa usingizi, kazi kurudi nyuma. Dodoso hilo ndilo lililotumika baadaye na Dixon Chibanda kwenye mabenchi ya urafiki, ambapo bibi wa mtaani aliyefundishwa anakaa na mgonjwa kwenye benchi la kliniki na kumsaidia kuchambua tatizo moja moja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yenye wagonjwa 573, yalionyesha dalili zinapungua. Hapa ndipo GAD-7 inaponyamaza: baada ya kupata 16, mtu aende wapi?

Kuishi na hali hii inawezekana. Wapo wanaosaidiwa na tiba ya mazungumzo, ile inayomrudisha mtu kidogo kidogo kwenye anachokikwepa: leo kusimama tu stendi, kesho kupanda daladala kituo kimoja. Wapo wanaosaidiwa na dawa kama sertralini, zinazochukua wiki kadhaa na zinazohitaji daktari. Diazepamu inatuliza upesi, lakini mwili unaizoea, sio ya kujinunulia kila ukikosa usingizi. Na sio kila anayehangaika anaumwa. Mkulima wa Ruvuma anayekosa usingizi kwa sababu mbolea imechelewa na mvua zimeanza ana sababu. Tunaanza kusema ugonjwa pale kengele inapoendelea kulia miezi na miezi, hata mahindi yakiwa ghalani, na kazi inamshinda.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Songea na tasnifu yako: kabla hujatoa kopi, kaa na watu kumi wa Bombambili au Mfaranyaki, waulize wanaliitaje. Ongeza swali la moyo na la usingizi, uyahesabu pembeni ili alama zako bado zilingane na za wengine. Na angalia lile chaguo la tatu la majibu, "zaidi ya nusu ya siku". Kwa kuwa siku kwetu ni siku, moja au nyingi, watu wanasikia zaidi ya saa sita za mchana. Andika "zaidi ya nusu ya siku hizo".