Spika Moja kwa Kila Boksi: Jinsi ya Kuchagua Spika za Mezani kwa Fedha Kidogo

Anayetaka kujitengenezea spika za kuweka kando ya kompyuta mara nyingi huingia dukani akiwa na picha moja tu kichwani: boksi lenye wufa ya inchi tano chini na twita juu. Picha hiyo imetoka sebuleni, ambako msikilizaji hukaa mita tatu mbali na muziki hutakiwa ujaze chumba. Mezani mambo ni mengine. Sikio liko sentimita 60 au 70 kutoka kwenye koni, kichwa hakihami sana, na boksi halitakiwi kumeza nafasi ya daftari na kikombe cha chai. Kwa mazingira hayo, na kwa mfuko mwembamba, chaguo ninalolitetea ni spika moja ya masafa yote, ya inchi tatu hivi, kwa kila boksi, bila twita na bila krosova, yaani saketi inayozigawia wufa na twita masafa yao. Fedha ambazo zingegawanywa mara tatu ziingie zote kwenye spika hiyo moja.

Sababu ya kwanza ni umbali. Wufa na twita zikipokezana sauti kwenye hezi 3,000, wimbi la hapo lina urefu wa sentimita 11 na kidogo, na vitovu vya spika hizo mbili huachana kwa karibu urefu huohuo. Msikilizaji wa sebuleni akijinyoosha kitini kwa sentimita 10, tofauti ya safari ya sauti kutoka wufa na kutoka twita hadi sikioni hubadilika kwa milimita nne tu. Wa mezani akifanya vivyo hivyo, tofauti hiyo hubadilika kwa sentimita mbili, karibu moja ya tano ya wimbi zima, na sauti ya mwimbaji hubadilika naye kila anapojisogeza. Njia mbili kwenye boksi dogo zinawezekana, hilo halina ubishi. BBC walifanya hivyo miaka ya 1970 walipobuni LS3/5A, boksi la lita tano hivi lililokusudiwa kwa magari ya matangazo ya nje, wakitumia wufa B110 na twita T27 za kampuni ya KEF. Lakini tazama gharama yake: krosova yenye vipuri vingi, ndani yake transfoma ndogo ya kupunguza nguvu ya twita, na sharti kwamba kila jozi ilingane na mfano wa maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 muundo huo ulilazimika kurekebishwa kwa sababu spika zilizokuwa zikitoka kiwandani zilikuwa zimeanza kuachana na zile za awali. Kama hao walihangaika hivyo, kondensa moja iliyouzwa pamoja na twita ya bei ya kutupa haitafanya maajabu.

Pingamizi la kwanza huhusu sauti nyembamba: koni ya inchi tatu itawezaje kupiga matoazi? Koni yoyote huanza kukusanya sauti mbele yake kama tochi pale wimbi linapokuwa fupi kama upana wa koni yenyewe. Kwa koni yenye kipenyo halisi cha sentimita sita, hilo hutokea karibu na hezi 5,700. Kwa wufa ya inchi tano hutokea mapema zaidi, kwenye hezi 3,400 hivi. Sebuleni hii ni kasoro kubwa, maana wanaokaa pembeni hukosa sehemu ya muziki. Mezani msikilizaji ni mmoja na mahali pake panajulikana, hivyo inatosha boksi lielekezwe usoni pake na kuinuliwa kidogo, ili sauti isigonge ubao wa meza kabla ya kufika sikioni.

Pingamizi la pili ni wati, na hapa maduka yamewapotosha watu kwa makusudi. Zile herufi PMPO zilizochapishwa kwenye makatoni, zikifuatwa na maelfu ya wati, hazipimi kitu chochote cha maana. Kipimo cha kutazama ni unyeti, yaani desibeli ngapi spika hutoa kwa wati moja kwenye umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 84, ambayo ni ya kawaida kwa inchi tatu, ikisikilizwa kwa sentimita 60 huongeza desibeli nne kwa ukaribu huo, na boksi la pili huongeza angalau tatu. Jumla ni 91 kwa wati moja kila upande, wakati usikilizaji wa kawaida uko kwenye 70 hadi 75. Hata saketi ndogo ya PAM8403 inayotumia volti tano inatosha kuanzia, ingawa wati zake tatu za kwenye karatasi huja na mpasuko wa asilimia 10, na mbili ndizo za kuhesabu.

Besi ndiyo pingamizi zito, na silikwepi. J. Anton Hofmann, aliyetoa herufi H katika jina la kampuni ya KLH, aliweka wazi kwamba kati ya boksi dogo, besi ya chini na unyeti mkubwa, mtengenezaji hupata viwili na kuacha kimoja. Hesabu ya hewa inayosukumwa huthibitisha. Koni ya inchi tatu ina eneo la sentimita za mraba 30 hivi. Ikienda milimita mbili kila upande, jozi yake itafikisha desibeli 88 sikioni kwenye hezi 100, kabla ya kuongeza msaada wa meza na ukuta. Ukishuka hadi hezi 50, kiwango hicho huanguka hadi 76, kwa sababu kila masafa yakipungua nusu, koni hudaiwa mwendo mara nne. Wufa ya inchi tano ingeongeza desibeli 12 hivi, lakini nayo ingedai boksi kubwa maradufu au zaidi. Gitaa la besi la rumba lina uzi mzito wa hezi 41. Spika ndogo haitaupiga uzi huo wenyewe, ila itapiga sauti zake za 82 na 123, na ubongo hujazia iliyokosekana. Asiyeridhika na ujazio huo aongeze sabufa ndogo inayochukua kila kilicho chini ya hezi 120. Wimbi la hapo lina urefu wa karibu mita tatu, hivyo lile tatizo la vitovu kuachana halirudi, na koni ndogo hupunguziwa mzigo unaoichosha zaidi.

Sasa tufike dukani. Visaton na Dayton Audio huchapisha vipimo vya spika zao, na mwenye uwezo wa kuziagiza amepunguziwa nusu ya kazi. Kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, spika nyingi za rejareja, na zile zinazong'olewa kwenye televisheni mbovu, hazina karatasi. Ukubwa wa sumaku hauelezi mengi, na kubonyeza koni kwa kidole hueleza machache zaidi. Kinachohitajika ni vipimo vitatu vilivyoitwa kwa majina ya wahandisi Thiele na Small: masafa ya asili ya spika, kiwango ambacho mtetemo wake unadhibitiwa (Qts), na ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na wa koni (Vas). Mita ya fundi umeme, rezista ya omu 100 na programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayotaka vinatosha. Unganisha rezista na spika mfululizo kwenye amplifaya, pima volti kwenye nyaya za spika, kisha pandisha masafa polepole: pale volti zinapofika kileleni ndipo masafa ya asili yalipo, na kimo cha kilele hicho pamoja na upana wake ndivyo hutoa Qts. Rudia spika ikiwa imefungwa kwenye boksi la lita mbili lisilovuja. Masafa yakipanda kutoka 110 hadi 155, gawanya ya pili kwa ya kwanza, zidisha jibu kwa lenyewe, toa moja, zidisha kwa lita mbili: Vas ni karibu lita mbili.

Spika ya namna hiyo yenye Qts ya 0.5, ndani ya boksi lililofungwa la lita mbili, hufikia 0.7, kiwango ambacho besi hushuka taratibu bila uvimbe. Hicho ndicho kigezo changu cha kuchagua: Qts kati ya 0.4 na 0.6, Vas isiyozidi lita tatu. Tundu la kuongeza besi linavutia, lakini linataka Qts ya 0.3 au 0.4, na chini ya masafa ya tundu hilo koni hubaki bila breki. Boksi lenye uso wa sentimita 12 pia hupoteza nguvu polepole chini ya hezi 1,000, kwa sababu mawimbi marefu huzunguka na kukimbilia nyuma. Kompyuta hulisahihisha hilo bila senti kwa programu kama Equalizer APO, mradi besi isipandishwe kuliko koni inavyoweza kwenda. Zinunuliwe nne ikiwa bei inaruhusu, zipimwe zote, na zifungwe mbili zilizokaribiana zaidi kwa masafa ya asili, maana spika za katoni moja zinaweza kuachana kwa hezi nyingi kuliko sura zake zinavyoonyesha.