Mhariri ni mtu, kihariri ni chombo

Kuna mazoea yanayozidi kuota mizizi katika maandishi ya Kiswahili kuhusu kompyuta: programu ya kuandikia na kurekebishia matini huitwa "mhariri". Basi husomwa sentensi kama "mhariri amefuta mstari" au "mhariri amehifadhi faili". Chanzo chake ni tafsiri sisisi. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtu na kwa programu, nasi tumelibeba lilivyo. Nalipinga jina hili, na pingamizi langu linavuka mipaka ya sarufi.

Hebu tutazame programu hizi zilivyokuwa mwanzoni. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, kompyuta kubwa ya IBM 7094 iliendeshwa kwa mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kwa wakati mmoja. Mwaka 1964, Jerome Saltzer, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu, aliuundia mfumo huo programu iliyoitwa TYPSET. Hapakuwa na ukurasa wa kutazama kwenye skrini. Mtumiaji aliketi mbele ya mashine iliyofanana na taipureta, akatoa amri mstari kwa mstari: tafuta mstari wenye neno hili, uchape niuone, badilisha hili liwe lile, nenda kwa unaofuata. Ukitaja neno lisilo sahihi, programu ilibadilisha hilo hilo ulilotaja. Haikujua sentensi ni kitu gani. Uamuzi wote ulikuwa kichwani mwa aliyeketi pale.

Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa CTSS, alisimulia baadaye kisa cha miaka hiyo ya 1960. Kila aliyeingia kwenye mfumo alizoea kupokea tangazo la siku. Siku moja, badala ya tangazo, zikachapwa nywila za watumiaji wote! Kumbe wasimamizi wawili walikuwa wakirekebisha faili mbili kwa wakati mmoja, mmoja ya tangazo, mwenzake ya nywila. Programu ilitumia jina moja tu kwa faili ya muda, kwa kuwa waundaji walidhani ni mtu mmoja tu angefanya kazi katika saraka moja. Baadaye wasimamizi wakaruhusiwa kuitumia saraka yao pamoja, na dhana ile ya awali ikasahaulika. Faili zikabadilishana.

Sasa tuseme "mhariri alichanganya faili"? Tukisema hivyo, lawama itamwendea asiyekuwepo, na waliokisia vibaya watatoka bila doa.

Kiswahili kimetupa njia ya kuepuka mtego huu. Tunatofautisha mchapishaji na kichapishi, na hakuna anayewachanganya. Vivyo hivyo tuna mhariri na kihariri. Wapo watakaosema kwamba ki- si alama ya vyombo pekee, kwani tuna kijana na kiongozi. Ni kweli, lakini upatanisho hutoboa siri: kiongozi amesema, kihariri kimefuta. Kila kitenzi kinatukumbusha tunamzungumzia nani au nini. Kiingereza hakina utaratibu huo. Sisi tunao, halafu tunautupa.

Jambo hili linatugusa leo kuliko wakati wa TYPSET. Programu za sasa hurekebisha maneno bila hata kuamrishwa, na iliyotegwa kwa Kiingereza huweza kuigeuza "hata" yetu ikawa "hate". Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu kosa hilo katika tasnifu, hujibu, "Kompyuta ndiyo iliyohariri." La hasha! Kihariri kilibadilisha, kuhariri kulikuwa jukumu lake, na la msimamizi wake baada yake. Magazeti na wachapishaji wetu nao wana deni hilo hilo kwa wasomaji. Jina la mhariri tumwachie anayeweza kuulizwa, "Kwa nini ulibadilisha?" naye akajibu.