Saa Nzima Bila Mkato

Kila Desemba huvirudia vipindi nilivyovipenda mwaka huo. Hadithi nakuwa nishaijua, kwa hiyo macho yanabaki huru kufuatilia kazi ilivyofanywa. Kwa mwaka 2025 nafasi ya kwanza naipa Adolescence, tamthilia ya Uingereza yenye sehemu nne iliyoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 13 Machi. Na ndani yake, taji langu linakwenda kwa sehemu ya tatu.

Inajulikana kwamba kila sehemu ilipigwa kwa mkupuo mmoja: kamera inawashwa, inazunguka muda wa saa moja hivi, inazimwa. Mhariri hana pa kukata. Sifa hii imesimuliwa mno kana kwamba ni sarakasi, na mimi naona inawapunja waliofanya kazi. Mtu anaweza kupiga picha saa nzima bila kukata na bado akatuchosha. La kuuliza ni hili: mkato ukiondolewa, mtazamaji ananyimwa nini, na kunyimwa huko kunaifaaje hadithi ya Jamie Miller, mtoto wa miaka 13 anayeshukiwa kumuua msichana wa shuleni kwao?

Kwanza utaratibu wenyewe. Mwongozaji Philip Barantini na mwigizaji Stephen Graham walishaijaribu njia hii katika Boiling Point, filamu ya mwaka 2021 kuhusu jiko la mgahawa usiku wa pilikapilika. Safari hii Graham aliandika pamoja na Jack Thorne, na kila sehemu ikapewa wiki tatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya waigizaji kufanya mazoezi, ya pili ikawa ya mafundi kupanga nani apite wapi na kwa wakati gani, na ya tatu ndiyo ya kupiga picha, mara mbili kwa siku. Mwisho wa wiki wana takriban matoleo 10 kamili, na wanachagua moja. Hakuna kuchukua mwanzo wa toleo hili na kuuunga na mwisho wa lile.

Kamera ilikuwa Ronin 4D ya DJI, ndogo, yenye mtambo wake wa kuzuia mtikisiko. Udogo huo ndio uliowezesha kila kitu. Mpiga picha mkuu, Matthew Lewis, alikuwa akipokezana nayo na Lee David Brown katikati ya tukio: mmoja anashika mpini, mwingine anaachia, na picha haitetereki. Kamera ikiwa inaweza kugeuka upande wowote, taa haziwezi kusimama sakafuni, na wasaidizi hawana kona ya kujibanza. Hata ramani ilibidi itii: katika sehemu ya kwanza polisi wanavunja mlango, wanamkamata Jamie, wanampeleka kituoni, na safari hiyo tunaifuata nzima. Nyumba na kituo vikiwa mbali, tamthilia inakufa ndani ya gari.

Sehemu ya pili, ile ya shuleni, ndiyo iliyoshangaza wengi. Inaishia kamera ikifungwa kwenye droni, inaruka juu ya nyumba, kisha inatua mahali msichana alipouawa na kumkuta baba wa Jamie akiweka maua. Upepo uliwasumbua sana, na toleo tunaloliona ni la 13. Wimbo unaosikika uliimbwa na wanafunzi wa shule hiyo waliyopigia picha, huku sauti inayoongoza ikiwa ya Emilia Holliday, aliyeigiza msichana huyo aliyeuawa. Ni uamuzi wenye huruma kubwa. Hata hivyo, sehemu hii ndiyo dhaifu kwangu. Ili kamera isisimame, watu wanalazimika kukutana koridoni kwa wakati unaofaa mno, na mara kadhaa nilijikuta nikiwaza kuhusu mtambo badala ya mtoto.

Sehemu ya tatu haina droni. Ina chumba, meza, kijana na mwanasaikolojia Briony, anayeigizwa na Erin Doherty. Hapa ndipo kukosekana kwa mkato kunapofanya kazi yake halisi. Katika upigaji wa kawaida, mtu akifoka tunakatiwa tuone uso wa anayefokewa. Mkato huo ni pumziko, na pia ni maelezo: mhariri anatuambia nani aonewe huruma. Hapa kamera inazunguka polepole. Jamie anapandisha sauti, nasi bado tuko mgongoni kwa Briony, hatujui uso wake ukoje. Ikifika usoni kwake, ameshajikaza. Tumechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakotia hofu.

Briony anapotoka nje kidogo kutuliza pumzi, kamera inatoka naye. Mhariri angeweza kutuonyesha kijana akiwa peke yake, tukamsoma asipojua anatazamwa. Tunanyimwa nafasi hiyo. Tunarudi ndani na Briony, tukiwa hatumjui Jamie zaidi ya anavyomjua yeye. Na kwa kuwa hakuna kusimama, vitu vidogo visivyoandikwa vinaingia: Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, alipiga mwayo kweli, Doherty akamuuliza papo hapo kama anamchosha, na kijana akatabasamu. Yote yamebaki.

Nafasi ya pili naipa The Pitt ya Marekani, ambayo inakata picha kama kawaida lakini haikati muda: sehemu 15, kila moja saa moja ya zamu ileile katika idara ya dharura ya hospitali mjini Pittsburgh. Taa zilijengwa ndani ya dari ya seti, muziki karibu haupo, na upigaji ulifuata mtiririko wa hadithi, hivyo uchovu wa mwigizaji Noah Wyle unaongezeka mbele ya macho yetu. Tamthilia ya The Studio nayo ina sehemu nzima ya kuchekesha kuhusu shoti moja ndefu inayoharibika, niliifurahia, sikuirudia.

Naendelea kuirudia sehemu ya tatu. Cooper alikuwa na miaka 14 walipopiga picha, hakuwa amewahi kuigiza kwenye runinga, na Septemba 2025 akapata tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Kilichonibadilishia utazamaji ni ratiba: sehemu hiyo ndiyo waliyoanza nayo. Kwa hiyo yule mtoto anayetetemeka kitandani mwanzo wa sehemu ya kwanza, anayemwita baba yake, anaigizwa na kijana aliyekwishapita kwenye hasira zote za chumba kile. Itazame upya ukilijua hilo, hasa anavyokwepa macho ya baba yake kituoni.